Si Kila Dawa Hupenda Baridi

Sote tumewaona nyoka na mijusi kwenye chupa za maabara ya bayolojia. Dawa inayowazuia kuoza ni formalini. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hulipuuza: dawa ya kuhifadhi, nayo yataka kuhifadhiwa.

Chukua mfano wa mgonjwa aliyevimba uso na miguu kwa sababu ya figo. Kuna ugonjwa mmoja ambao ukiitazama figo kwa hadubini ya kawaida, huoni kasoro. Kasoro huonekana kwa hadubini ya elektroni. Basi daktari hutoa kipande chembamba cha figo kwa sindano na kukitia katika dawa papo hapo. Dawa ikiwa mbovu, seli huharibika, na huenda mgonjwa akadungwa tena bure.

Dawa zitumikazo sana ni tatu, na kila moja ina tabia yake.

Kwanza ni glutaraldehaidi, iliyoanza kutumiwa kwa kazi hii mwaka wa 1963. Hii hukaa kwenye friji, nyuzi 4 hivi. Ikiachwa kwenye joto, molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, asidi huongezeka, na nguvu zake hupungua.

Pili ni formalini, yaani maji yenye formaldehaidi asilimia 37 hivi. Hii ni kinyume. Ukiitia kwenye friji ati unaitunza, inafanya mashapo meupe! Mahali pake ni rafuni, kizibo kikikazwa, manake hewa huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki.

Tatu ni osmiamu tetroksidi. Hii ni kali kweli kweli. Mvuke wake huumiza macho na mapafu, tena hupenya plastiki. Hutiwa katika chupa safi ya kioo, na chupa hiyo ikafungiwa ndani ya chombo kingine, mbali na mwanga. Uchafu kidogo tu huifanya nyeusi. Na friji yake isiwekwe chakula kamwe.

Mwisho, andika kwenye chupa jina la dawa na tarehe ilipofunguliwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kinachopotea si mali tu, ni jibu ambalo mgonjwa analingojea.

Wenzangu mnaotaka udaktari, anzeni na chupa za maabara yetu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu