Dawa ya Chini ya Ulimi: Mambo Ambayo Mraibu na Jamaa Zake Wanapaswa Kujua

Matibabu ya uraibu wa heroini kwa kutumia methadone si jambo geni tena Pwani. Huduma hiyo ilianza nchini Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka 2015 ikafika Malindi. Wengi wameshaona foleni ya asubuhi, kila mtu akinywa dozi yake mbele ya mhudumu.

Ipo dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, ambayo hainywewi wala haimezwi. Inaitwa buprenofini. Ni kidonge kidogo kinachowekwa chini ya ulimi hadi kiyeyuke. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziweka dawa zote mbili katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Inavyofanya kazi

Heroini, maarufu kama unga, hushika sehemu maalum za ubongo kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Unga unapoisha mwilini, arosto huanza: maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, jasho na kukosa usingizi.

Buprenofini huingia kwenye kufuli hiyo hiyo, lakini huizungusha nusu tu, kisha hukaa humo kwa muda mrefu. Arosto hutulia na hamu hupungua. Mtu akitumia unga juu yake, hukuta nafasi imeshachukuliwa. Tena, tofauti na heroini, nguvu yake ya kupunguza kasi ya kupumua hufika kikomo, na kwa hivyo hatari ya kufa kwa dozi kubwa huwa ndogo zaidi.

Kwa nini isimezwe?

Kidonge kikimezwa, sehemu kubwa ya dawa huharibiwa na ini kabla haijafanya kazi. Chini ya ulimi kuna mishipa mingi midogo ya damu inayoipokea moja kwa moja. Utaratibu ni huu:

1. Lowesha kinywa kwa maji kidogo.
2. Weka kidonge chini ya ulimi. Usitafune wala usimeze.
3. Usile, usinywe, usivute sigara na usizungumze hadi kiyeyuke chote. Huchukua kama dakika 5 hadi 10.
4. Kikishayeyuka, sukutua kwa maji na uyameze.
5. Subiri angalau saa moja kabla ya kupiga mswaki, ili kulinda meno.

Dozi ya kwanza isiharakishwe

Hapa ndipo wengi huumia na kukata tamaa. Buprenofini ikiingia mwilini wakati unga bado umo, huusukuma unga utoke kwenye nafasi yake ghafla, na arosto kali humvaa mtu papo hapo. Ndiyo maana daktari husubiri hadi dalili za arosto zionekane, kwa kawaida saa 12 au zaidi baada ya kutumia unga. Kwa aliyekuwa akitumia methadone, muda huwa mrefu zaidi.

Kwa hivyo mgonjwa aseme kweli alitumia lini mara ya mwisho. Swali hilo haliulizwi ili ashtakiwe. Anayeficha kwamba alitumia alfajiri hamdanganyi daktari, anajiumiza mwenyewe.

Je, si kuacha ulevi mmoja na kushika mwingine?

Wazazi wengi huuliza hivyo, na wengine huwashinikiza watoto wao waache dawa baada ya wiki chache. Anayetumia dawa hii ipasavyo halewi. Anaweza kufanya kazi, kulea watoto na kutumia dawa zake za HIV bila kukosa. Ufaransa iliruhusu madaktari wa kawaida kuitoa mwaka 1995, na kufikia 1999 vifo vya kuzidisha dozi vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 79.

Hatari iko katika kukatiza matibabu ghafla. Mwili uliokaa bila unga hupoteza uzoefu wake, na kipimo cha zamani kinaweza kuua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka rumande au gerezani.

Tahadhari

• Usichanganye na pombe, bugizi au vidonge vingine vya usingizi. Mchanganyiko huo unaweza kusimamisha pumzi.
• Weka mbali na watoto. Kidonge kimoja kinaweza kumuua mtoto.
• Usinunue mitaani wala usimgawie mwingine.
• Mama mjamzito asiache ghafla. Amwone daktari.

Pa kuanzia

Daktari ndiye huamua kati ya methadone na buprenofini baada ya kumpima mgonjwa, na si kila kituo kina dawa zote mbili. Anza katika zahanati au hospitali ya umma iliyo karibu, au umwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Ushauri hutolewa pia na NACADA kwa kupiga 1192, bila malipo. Jamaa wanaweza kupiga hata kama mgonjwa mwenyewe bado hajakubali.