Ukingo wa Barabara: Nchi Tatu Zinavyowavusha Watu Wenye Ulemavu

Pale njia ya waenda kwa miguu inapokutana na barabara ndipo penye mtihani mgumu kwa wahandisi. Anayetumia kiti mwendo anahitaji ukingo ushushwe hadi usawa wa lami. Asiyeona, anayetambua njia kwa fimbo nyeupe, anahitaji ukingo huohuo ubaki. Ukiondolewa, aweza kujikuta katikati ya magari.

Nchini Japani, Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye alama za kugusa mwaka 1965, navyo vikatandazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Vinundu vya mviringo humtahadharisha mtu asimame. Michirizi mirefu humwelekeza aendelee. Pamoja na vigae hivyo, viwango vya Japani hubakiza kimo cha sentimita 2 kwenye kivuko, ili fimbo ikiguse na gurudumu liweze kukipanda. Ni maafikiano yasiyomridhisha yeyote kikamilifu, kwani sentimita 2 si kitu kwa mwenye miguu, lakini gurudumu dogo la mbele huweza kukwama hapo.

Uingereza hushusha ukingo kabisa, tofauti isizidi milimita 6, na kazi ya kuonya huachiwa vinundu. Vigae huwa vyekundu kwenye vivuko vinavyodhibitiwa, kama vile vya taa, na rangi nyingine kwingineko. Rangi hiyo ni msaada kwa wenye uoni hafifu, kundi linalosahauliwa mno.

Marekani nayo hutumia vinundu, na mteremko wa ukingo usizidi 1 kwa 12. Maana yake, ukingo wenye kimo cha sentimita 15 unahitaji mteremko wa sentimita 180. Mfupi zaidi ya hapo ni kilima kwa mtu anayejisukuma kwa mikono. Kuhusu upana, miongozo yake ya mwaka 2023 hutaka angalau sentimita 122, ilhali Uingereza hupendekeza mita 2, ili viti mwendo viwili vipishane.

Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufikia miundombinu ya umma. Upana mzuri, hata hivyo, hupotea mara moja mfuniko wa mfereji unapokosekana, au pikipiki na mchanga wa ujenzi vinapoziba njia. Wakazi wanaofuatilia ujenzi katika kata waweza kuupima mteremko kwa futi ya kawaida kabla zege halijakauka. Likishakauka, marekebisho huhitaji kuvunja.