Spika Kubwa za Zamani na Msimu wa Baridi: Adui ni Unyevu

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye baridi kali zaidi katika nyanda za juu za Kenya. Hapa Nyandarua, kuanzia Kinangop hadi Ndaragwa, wakazi wanajua maana yake: ukungu asubuhi, siku kadhaa bila kuliona jua, na usiku ambao joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Ni wakati wa kukumbushana kuhusu nimonia kwa watoto na maradhi ya mifugo. Somo la toleo hili linahusu mali nyingine ambayo mara nyingi husahaulika kwenye stoo: spika kubwa za zamani.

Spika hizi ziko katika makanisa, kumbi za jamii, shule na nyumba za wanamuziki. Baadhi zilinunuliwa kwa mchango wa waumini au wazazi, nyingine ziliachwa na wazee wetu. Vipuri vyake vingi havitengenezwi tena, na zikiharibika si rahisi kupata nyingine za aina hiyo. Hata hivyo, spika iliyohimili miaka 40 ya ibada na harusi inaweza kuharibika katika msimu mmoja tu ikihifadhiwa vibaya.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba baridi peke yake si adui mkubwa wa spika. Kinachoiharibu ni unyevu unaoandamana na baridi, pamoja na mabadiliko ya ghafla kutoka baridi hadi joto. Ukilielewa hilo, mengine yote katika somo hili yatafuata.

Umande hutoka wapi?

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Hewa hiyo inapogusa kitu cha baridi, mvuke hugeuka kuwa maji. Ndiyo sababu miwani hufunikwa na mvuke mtu anapoingia jikoni kutoka nje asubuhi.

Chukua mfano wa chumba chenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60. Hewa ya chumba hicho huanza kuacha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 12 au chini yake. Spika iliyolala kwenye stoo yenye nyuzi 8, ikiingizwa ukumbini uliojaa watu, italowa. Maji hayo hayabaki kwenye mbao za nje tu. Hutua pia kwenye vyuma vya ndani, mahali ambapo kitambaa cha kufuta hakifiki.

Jua spika yako imeundwa na nini

Kasha. Makasha mengi ni ya plaiwudi au chipbodi. Plaiwudi nzuri huvumilia unyevu kwa kiasi. Chipbodi hufura ikinyonya maji, na ikishafura hairudi umbo lake hata ikauke. Angalia pembe za chini kwanza, kwa sababu huko ndiko maji ya sakafuni huingilia.

Koni. Katika spika nyingi za zamani koni ni ya karatasi. Karatasi hunyonya unyevu, huwa nzito na laini, kisha kuvu huota juu yake.

Ukingo wa koni. Hii ni sehemu laini inayoishikilia koni kwenye fremu. Ukingo wa kitambaa kilichopakwa dawa hudumu kwa miongo mingi, na wa mpira nao hudumu muda mrefu. Ukingo wa sponji, uliotumika sana kuanzia miaka ya 1970, ndio dhaifu zaidi: unyevu na joto huivunjavunja sponji hata kama spika haichezwi. Ukiugusa kwa kidole taratibu na ukaacha ungaunga au kunata, umeanza kuoza. Mtafute fundi abadilishe ukingo huo sasa, kabla haujapasuka ukaiharibu koili pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Koili na sumaku. Koili husogea ndani ya mwanya mwembamba kati ya vyuma vya sumaku, mwanya ambao mara nyingi haufiki milimita moja kila upande. Kutu kidogo tu humo hukwaruza koili na sauti hutoka na mkwaruzo.

Hapa pana historia inayohusu jirani zetu. Spika nyingi za zamani zina sumaku za alniko, yaani mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Mwaka 1978, mapigano katika jimbo la Shaba nchini Zaire, eneo la Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, yalivuruga upatikanaji wa kobalti na bei yake ikapanda sana. Watengenezaji wengi wa spika, JBL ya Marekani wakiwemo, walihamia sumaku za feraiti. Sumaku ya feraiti kwa kawaida ni pana na bapa kama chapati nene. Ya alniko mara nyingi ni nyembamba, na hukaa ndani ya kikombe cha chuma. Ukiona ya alniko, huenda spika yako ni ya kabla ya miaka ya 1980. Zote mbili zisiangushwe, kwa maana kishindo kinaweza kuisogeza sumaku ikaibana koili.

Chagua mahali pa kuhifadhi

Mahali pazuri ni chumba cha ndani ya nyumba au jengo linalotumika kila siku, chenye dari na madirisha yanayofunguka. Kipimo kidogo cha unyevu kitakusaidia kujua hali ya chumba. Lenga unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60. Ukikaa juu ya hapo kwa wiki kadhaa, kuvu hupata nafasi.

Epuka sehemu hizi:

- Stoo ya mabati isiyo na dari. Usiku mabati hupoa haraka na mvuke hugeuka maji upande wa ndani. Alfajiri matone huanguka juu ya vitu hata kama mvua haijanyesha.
- Kontena la chuma lisilo na matundu ya hewa. Hutoa jasho kwa njia hiyo hiyo.
- Stoo ya mbolea, chumvi ya mifugo au kemikali za shambani. Mvuke na vumbi lake hula vyuma.
- Jikoni panapowashwa kuni au makaa. Moshi na mafuta hushika kwenye koni.
- Stoo ya nafaka. Palipo na mahindi pana panya.

Hatua za kutayarisha spika

1. Icheze kwa sauti ya wastani kabla ya kuihifadhi na usikilize. Andika kasoro yoyote utakayosikia. Bila kumbukumbu hiyo, hutajua kama tatizo lilikuwapo awali au lililetwa na baridi.

2. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu na brashi laini. Usitumie maji wala mafuta kwenye koni. Vumbi hushika unyevu na hulisha kuvu.

3. Chomoa nyaya zote, zikunje bila kuzibana na uzihifadhi kando. Amplifaya nayo ichomolewe kwenye umeme na ihifadhiwe mahali pakavu.

4. Ikiwa spika itasafirishwa, unganisha tundu la chanya na la hasi kwa kipande kifupi cha waya. Koili inaposogezwa na mitikisiko ya njiani huzalisha umeme kidogo, na waya huo huufanya umeme huo uizuie koni isiruke ovyo. Funga utepe mwekundu hapo, na uondoe waya kabla ya kuunganisha amplifaya. Ukiusahau, amplifaya inaweza kuungua.

5. Ibebeni watu wawili au zaidi. Spika za aina hii huweza kuzidi kilo 50. Zile zilizoundwa kwa ajili ya majumba ya sinema, kama Voice of the Theatre za Altec Lansing zilizotoka mwaka 1945, huhitaji hata watu wanne. Shikeni kasha, si wavu wa mbele wala pembe ya sauti.

6. Isimamishe kama inavyosimama ikitumika, wala usiilaze kifudifudi. Iweke juu ya vipande vya mbao, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa sababu sakafu ya simenti inaweza kupitisha unyevu wa ardhini. Acha pia nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani.

7. Ziba matundu ya kasha kwa wavu wa waya wenye matundu madogo. Panya huingia kupitia tundu la hewa, hutafuna koni na kujenga kiota katika pamba ya ndani. Usitupie sumu ndani ya kasha. Panya atafia humo, na sumu ni hatari kwa watoto.

8. Ifunike kwa shuka la pamba au blanketi jepesi. Usiifunge kwa nailoni wala turubai, hata kama inaonekana salama zaidi. Nailoni hufungia unyevu uliomo ndani, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka maji chini ya kifuniko. Kama paa linavuja, tengeneza paa kwanza au hamisha spika.

Vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja na viatu au vifaa vya umeme, vinasaidia katika nafasi ndogo iliyofungwa, kama sanduku la maikrofoni. Kwa chumba kizima havitoshi. Usiweke mchele wala nafaka kama kikausha unyevu, maana utawaita panya.

Onyo: usiwashe jiko ili kukausha stoo

Wapo wanaoingiza jiko la makaa kwenye stoo au chumba cha vyombo ili "kutoa baridi." Tabia hii ni hatari kwa maisha. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mtu anayelinda vyombo usiku katika chumba kilichofungwa anaweza kulala asiamke. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za kwanza. Akizipata, atoke nje mara moja, na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Jiko la mafuta ya taa nalo halikaushi hewa. Kila lita moja ya mafuta inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji kama mvuke, na mvuke huo huishia kwenye vitu vya baridi, spika zikiwemo. Njia salama ni kufungua madirisha mchana kunapokuwa kukavu na kuyafunga kabla ya ukungu wa jioni.

Kagua kila baada ya wiki mbili

Ukaguzi hauchukui zaidi ya dakika 10. Inua shuka na unuse. Harufu ya uvundo hutangulia kuvu kuonekana. Pitisha mkono chini ya kasha uone kama kuna majimaji. Tafuta kinyesi cha panya. Ukiona kuvu kwenye mbao, vaa barakoa, itoe spika nje siku kavu, kivulini, uifute kwa kitambaa kikavu. Kisha tafuta chanzo cha unyevu. Usiianike juani, kwani jua kali hupasua gundi na huharakisha kuoza kwa sponji.

Siku ya kuirudisha kazini

Makosa mengi hutokea siku hii. Spika huletwa asubuhi ya shughuli na kuwashwa papo hapo kwa sauti ya juu. Ilete siku moja kabla. Iache na kifuniko chake ndani ya ukumbi kwa saa 24 ipate joto polepole, na umande wowote utakauka. Amplifaya nayo ipewe muda huo huo, kwa sababu unyevu kwenye saketi unaweza kuleta hitilafu ya umeme.

Wakenya wenzetu walio Minnesota, Marekani, ambako joto hubaki chini ya sifuri kwa wiki nyingi, wana sababu ya ziada ya kufuata kanuni hii. Katika baridi ya namna hiyo mpira na sponji hukakamaa, na koni ikilazimishwa kusogea ukingo unaweza kupasuka. Baridi yetu haifiki huko, lakini utaratibu ni uleule: joto kwanza, sauti baadaye.

Anza kwa sauti ya chini kwa dakika 20 hivi. Ukisikia mkwaruzo au mtetemo usio wa kawaida, zima na uite fundi. Kuongeza sauti hakutaondoa kutu, bali kutaikata koili.

Kwa kamati za makanisa, shule na kumbi, ni vyema kumteua mtu mmoja anayewajibika, na kuweka daftari la tarehe za ukaguzi. Vipande vya mbao, shuka kuukuu na wavu wa dirisha vinapatikana karibu katika kila boma. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na harambee nyingine ya kununua spika mpya.