Lipime Lango Kabla ya Kununua Ruta Mpya

Tuchukulie mkazi wa Mbezi Beach aliyelipia intaneti ya mwezi mzima. Jioni moja alama ya Wi-Fi kwenye simu yake imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Fundi anamshauri anunue ruta nyingine. Kabla hajatoa fedha, yampasa kujua safari imekwama wapi.

Kila ujumbe unaopita mtandaoni hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya mwisho wa safari. Simu huitazama anwani hiyo. Ikiwa ni ya kifaa cha nyumba hiyohiyo, tuseme printa, pakiti hupelekwa moja kwa moja. Ikiwa ni ya mbali, hukabidhiwa lango, ambalo katika nyumba nyingi ndiyo ruta yenyewe. Aendaye kwa jirani hutembea kwa miguu. Aendaye Kariakoo hutoka kwanza hadi Barabara ya Bagamoyo kupanda daladala. Simu haina haja ya kuijua njia iliyobaki.

Kwa hiyo alama ya Wi-Fi hueleza kipande kifupi tu cha safari, kati ya simu na ruta. Wengi hudhani inapima intaneti yenyewe.

Kulipima lango si kazi ya fundi. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, tafuta namba zilizo kando ya neno “Gateway”, ambazo mara nyingi huanza na 192.168, kisha ziandike kwenye kivinjari. Ukurasa wa ruta ukifunguka, simu inalifikia lango. Chunguza basi yaliyo mbele yake: kifurushi kimekwisha, waya wa nje umelegea, au hitilafu iko kwa mtoa huduma. Usipofunguka, zima ruta, iwashe, usogee karibu nayo, ujaribu tena.

Hitilafu yaweza kuwa mbali mno. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na kwa majirani zetu. Aliyenunua ruta siku hiyo alipoteza fedha zake.

Unapolalamika, mweleze mtoa huduma saa tatizo lilipoanza na matokeo ya kipimo chako. Lalamiko la “intaneti haifanyi kazi” hujibiwa upesi kwa “zima, uwashe”. Omba namba ya lalamiko na uitunze. Usiporidhika na jibu, waweza kulifikisha lalamiko hilo, pamoja na namba yake, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).