Jifunze Kuweka Fuo na Bustani za Umma Kwenye Ramani

OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima inayochorwa na watu wanaojitolea. Ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2004, na yeyote aliyejisajili anaweza kuiongezea bila malipo. Mwaka wa 2009, vijana wa Kibera jijini Nairobi waliitumia kuchora mtaa wao, ambao kabla ya hapo ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani.

Wakaazi wa pwani wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa fuo na bustani za umma. Jambo la kukumbuka ni hili: mchanga pekee hautoshi. Ufuo usio na njia kwenye ramani mgeni haufikii, na ambulensi inayomfuata mtu aliyezama itazunguka nje ya kuta za ploti. Anza na njia, kisha mchanga.

1. Tembea kwanza. Chukua simu, kalamu na daftari. Andika njia inaanzia barabara gani, kama gari linapita au ni kichochoro cha miguu, kama ina ngazi, na kama kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Palipo na geti, andika saa za kufunguliwa. Weka pia vyoo, mifereji ya maji na mahali pa waokoaji.

2. Nenda maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 au zaidi. Mstari wa pwani kwenye ramani hufuata maji yanapofika yakijaa, lakini ufuo unaweza kuchorwa hadi yanaporudi yakikupwa. Ufuo hupewa alama ya natural=beach, na ukiwa wa mchanga, surface=sand.

3. Tofautisha bustani na hifadhi. Bustani ya umma, kama ile ya Uhuru iliyo Moi Avenue, Mombasa, hupewa alama ya leisure=park. Bustani ya ndani ya hoteli si ya umma, hata ikipendeza vipi. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni eneo linalolindwa na ina alama zake tofauti.

4. Tumia jina la wenyeji. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, wengi huujua kwa jina la Pirates. Ramani ina nafasi ya majina yote mawili. Waulize wavuvi na wazee. Usiandike jina la mtu binafsi wala nambari yake ya simu.

5. Usinakili. Ramani nyingine, kama Google Maps, zina hakimiliki. Tumia ulichokiona mwenyewe na picha za setilaiti zilizoruhusiwa ndani ya OpenStreetMap.

Kuhusu umiliki, Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hivyo usiuandike ufuo kuwa wa kibinafsi kwa sababu tu hoteli imepakana nao. Njia inayopita kwenye ploti ya mtu ni suala jingine: andika unachokiona, iwe ni ukuta, geti au bango la kuzuia watu.

Ramani hii si hati miliki wala haifungui njia iliyozibwa. Hata hivyo, kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe yake. Njia iliyochorwa leo ikizibwa kesho, kumbukumbu kwamba ilikuwepo itabaki. Malalamishi yenyewe yapelekwe kwa afisi ya ardhi ya kaunti au Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Zoezi: fungua OpenStreetMap na utafute ufuo au bustani iliyo karibu nawe. Hesabu njia za kuingilia unazozijua, kisha uangalie ngapi zimechorwa. Iliyokosekana, itembee na uiongeze.