SOMO LA NYUMBANI: MAJI YA PAA NA HESABU YA KIANGAZI



Katika miaka niliyofundisha, kila kiangazi niliona watoto, hasa wasichana, wakiingia darasani jua limekwisha panda, kwa kuwa walitumwa kwanza mtoni. Watoto hao hao, mwezi wa Januari, walilala wakisikia maji yakimwagika kutoka kwenye bati na kupotea uani. Maji tunapewa, tunachokosa ni chombo.

1. Paa hutoa kiasi gani?
Mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba hutoa lita 1. Chukua nyumba ya bati inayofunika meta 8 kwa 6, yaani meta 48 za mraba. Kwa Iringa mjini tukadirie milimita 600 kwa mwaka. Mbeya mjini hupata zaidi, na Tukuyu hupita 2,000. Basi 48 mara 600 ni lita 28,800. Tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 23,040.

2. Tuweke kiasi gani?
Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au mapema Mei. Kiangazi ni kama siku 180. Watu 5, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia, hutumia lita 25 kwa siku, yaani lita 4,500 kiangazi chote. Tangi la lita 5,000 latosha. Asiyeweza kulinunua aanze na la lita 2,000, lililotengwa kwa kunywa tu.

Mimi mwenyewe nilikosea hapa. Niliweka mapipa 2 ya lita 200, nikajiona tajiri. Siku ya 16 yalikuwa makavu, na wajukuu wakarudi mtoni.

3. Utunzaji
(a) Safisha paa, mifereji na tangi kabla ya mvua za kwanza.
(b) Kila mvua inapoanza, mwaga ndoo 2 za kwanza. Zina vumbi na kinyesi cha ndege.
(c) Funika tangi lisipitishe mwanga wala mbu, na mdomoni weka wavu.
(d) Jenga msingi imara. Lita 5,000 zina uzito wa tani 5.
(e) Chemsha maji ya kunywa.
(f) Wakati wa masika tumia maji ya mapipa. Tangi lijae mwezi wa Aprili, na lisiguswe mpaka mvua zikatike.

Maswali ya kujibu pamoja na watoto
1. Pimeni nyumba yenu. Paa lake hutoa lita ngapi kwa mwaka?
2. Vyombo mlivyo navyo vitawafikisha siku ngapi?
3. Katika nyumba yenu, ni nani anayelipa upungufu huo kwa miguu yake?