Chimbua Mizizi Kabla ya Kutoa Fedha

Mkulima wa skimu, pengine umewahi kufika Nairobi katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri kutazama ng'ombe na mashine. Si mbali na hapo, huko Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha kilimo. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa udongo wa Kabete wamechunguza jambo linalokuhusu wewe na mfuko wako, nalo ni mizizi ya maharagwe na mazao ya jamii yake.

Mahindi yakipandwa mwaka baada ya mwaka mahali pamoja humaliza naitrojeni ya udongo. Majani hugeuka manjano, nawe hulazimika kununua mbolea ya chumvichumvi. Lakini katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni. Mahindi hayawezi kuitumia. Maharagwe, kunde na soya huweza, kwa msaada wa vijidudu viitwavyo raizobia, vinavyokaa ndani ya vinundu vya mizizi.

Wataalamu wa Kabete walichagua vijidudu hodari, wakavichanganya na tope linalobaki katika viwanda vya sukari, wakapata unga wa kupaka mbegu uitwao Biofix. Katika mashamba mengine unga huu huongeza mavuno. Katika mengine hauongezi kitu, kwa kuwa udongo tayari una vijidudu vya kutosha. Basi usitoe fedha kabla ya kutazama mizizi yako mwenyewe.

Fanya hivi:

1. Maharagwe yanapoanza kutoa maua, chimbua mashina matano kwa jembe. Usiyang'oe kwa mkono, maana vinundu vitabaki ardhini.

2. Osha mizizi, kisha pasua vinundu kwa ukucha. Vikiwa vyekundu ndani kama nyama, vijidudu vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au visipokuwapo, unga waweza kukusaidia.

3. Nunua unga wa zao lako. Ule wa soya haufai maharagwe. Soma tarehe, wala usichukue pakiti iliyokaa juani, kwa sababu jua huua vijidudu.

4. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, nyunyiza unga, uchanganye kivulini mpaka kila mbegu ipakwe. Panda siku hiyo hiyo na ufukie mara moja. Usitumie mbegu zilizopakwa dawa ya ukungu, maana dawa hiyo huweza kuua vijidudu.

5. Acha mistari michache bila unga. Wakati wa kuvuna, pima mistari mingapi kwa mingapi iliyo sawa, kwa debe moja. Debe halina upendeleo.

Kumbuka pia kwamba unga huu hauleti fosforasi. Samadi, au mbolea yenye fosforasi, bado inatakiwa. Tena, naitrojeni nyingi huondoka shambani ndani ya gunia la maharagwe. Inayobaki imo katika majani, mashina na mizizi. Ukiyachoma, umechoma mbolea yako. Yarudishe udongoni, na msimu ujao panda mahindi mahali hapo.

Mwonyeshe Bwana Shamba vinundu ulivyovipata, na umwite jirani naye atazame. Mizizi ya shamba lako itakuambia kama unga huo unafaa kununuliwa.